Kupeleka Baridi Kakuma

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, na goti langu la kulia linauma nikipanda ngazi. Huo ni uongo, lakini sijawahi kumsikia mstaafu anayeanza hadithi bila goti. Jumatatu shule inafunguliwa, naingia kidato cha nne, na mama ameamua kwamba mtu hawezi kushika spana na kitabu cha kemia kwa wakati mmoja. Nimejaribu kumweleza kwamba gesi ya kiyoyozi ni kemia tupu. Akanipokonya spana. Kwa hiyo nimeng'atuka kwa heshima zote, bila keki na bila hotuba.

Nawaandikia nyinyi mtakaochukua nafasi yangu likizo ijayo katika karakana ya Fundi Mwadime, pale Kanamkemer, Lodwar. Mshahara sitaugusa: ulikuwa soda na chapati, na chapati nyingine zilikuwa za jana. Kuhusu vyeo, niliingia nikiitwa kadeti, yaani mwanagenzi, nikatoka nikiitwa kadeti. Tuendelee na mambo ya maana.

Fundi Mwadime ni Mtaita, na kabla ya kuja huku alikuwa mtu wa meli. Si meli za mizigo. Zile za watalii, kubwa kama mtaa mzima ulioamua kuogelea. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye vyumba vya abiria, vinavyoitwa kebini, kuhakikisha hewa inatoka baridi. Kisha akampenda dada mmoja Mturkana, akamfuata hadi Lodwar, akajikuta kando ya mto Kawalase, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga unaongoja mvua. Lakini meli haikumtoka kichwani. Kwake ofisi ya serikali ni kebini. Duka la dawa ni kebini. Chumba cha maiti pia ni kebini, ila anasema abiria wa huko ndio wastaarabu kuliko wote, hawajawahi kulalamika.

Siku yangu ya kwanza sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kutafuta baridi. Nyumbani tuna feni moja na ndugu wanne, yaani vita. Nilikuwa nimesikia karakana ina kiyoyozi ukutani. Nikaingia, nikasimama chini yake kama mtu anayengoja kubarikiwa.

"Umekuja kufanya nini, msichana?" Mwadime akaniuliza.

"Kusaidia, Fundi."

"Umekuja kupigwa na baridi."

"Hiyo pia ni kusaidia. Nitakuambia kama ipo."

Alicheka hadi akakaa. Halafu akanipa brashi na ndoo ya filta chafu, akazima kile kiyoyozi, na hakikuwashwa tena siku ile. Kumbe ni cha kujaribia vipuri tu. Nilisugua filta hadi vidole vikakunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye karai. Na niwaambie mapema: vumbi la Lodwar si vumbi, ni mwananchi. Lina kitambulisho, linapiga kura, na ukilifukuza asubuhi, jioni limerudi na jamaa zake.

Vifaa mtavikuta kwenye sanduku la kijani. Kuna geji ya kupimia presha ya gesi, ile yenye mipira miwili, mmoja wa buluu na mmoja mwekundu, ukiichezea atakufukuza. Kuna bloa ya kupulizia vumbi. Hiyo ichezeeni, mimi nilikaushia nywele. Kuna kapasita za akiba, vile vikopo vidogo vinavyoipa mashine nguvu ya kuanza. Joto la huku linaziua kama inzi. Zinatoka Kitale, na gari likikwama njiani Kainuk, nusu ya Lodwar inalala ikijipepea kwa gazeti. Lakini kifaa anachokipenda Mwadime kuliko vyote ni kipande cha karatasi ya chooni. Anakining'iniza mbele ya tundu la hewa, anakitazama kinavyocheza, na anakuambia ugonjwa. Niliwahi kumuuliza kama melini walitumia hiyo hiyo. Akasema ndiyo, ila ile ilikuwa laini zaidi.

Mafunzo yake yote yanaingia katika maneno machache: msikilize abiria, halafu usimwamini, halafu msikilize tena. Alijifunza hilo kwa abiria mmoja aliyetaka upepo wa bahari na kiyoyozi kwa pamoja. Bwana yule aliacha mlango wa roshani wazi mchana kutwa, hewa yenye unyevu ikajaa kebini, ikakutana na baridi, dari ikaanza kudondosha maji. Akavaa jaketi la kuokolea maisha, akatoka kwenye ujia akipiga kelele kwamba meli inazama. Watu wa kebini jirani wakavaa ya kwao. Mwadime alifika na bisibisi, akafunga mlango wa roshani, na meli ikaacha kuzama.

Tangu hapo, kitu cha kwanza Mwadime anachotafuta mahali popote ni maji. Turkana! Niliwahi kumwambia, "Fundi, hapa hata mate ni ya kuazima," akaniambia nishike tochi ninyamaze.

Nilipata kesi zangu. Kuna ofisi moja mjini ambayo kiyoyozi chake kilikuwa kinazimika kila baada ya chakula cha mchana. Tulibadilisha kapasita, tukaongeza gesi, tukasafisha kila kitu, wapi. Mwishowe nikagundua kwamba karani mmoja mwembamba aliyekaa chini ya tundu la hewa alikuwa na rimoti ya pili mfukoni. Bosi wake mnene alikuwa na ya kwanza. Walikuwa wanapigana vita tangu mwaka jana bila kuambiana neno. Mwadime alisogeza meza ya karani, tukaondoka na sifa.

Na kuna kesi ya mbuzi. Bomba la gesi linalotoka ndani kwenda nje huvikwa sponji nyeusi ili baridi isipotee njiani. Mbuzi wa Lodwar wanaipenda ile sponji kuliko majani. Duka moja tulilivisha upya mara nyingi hadi mwenye duka akadhani tunafuga wale mbuzi sisi. Mwadime alipaka sponji pilipili. Mbuzi wakaja na wenzao. Hiyo kesi nawaachia nyinyi, sina aibu.

Lakini kazi ninayotaka kuwaeleza hasa ni ya Kakuma, kwa Mama Achol.

Mama Achol ni mfanyabiashara aliyetoka Sudan Kusini, anauza vitenge na mafuta ya kupikia, na ana sauti ambayo haihitaji simu. Nyuma ya duka lake aliweka kontena nne za bati zilizokatwa madirisha na kuwekwa vitanda, vyumba vya wageni, na kwa kuwa ni Mwadime aliyefunga viyoyozi, nazo zikaitwa kebini. Ijumaa moja alipiga simu, sote karakanani tukasikia.

"Fundi! Hizo kebini zako zimekufa zote! Asubuhi baridi, saa sita moto kama jiko. Na Abuk anakuja kesho!"

Abuk ni mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni walipokuwa njiani wakikimbia vita. Abuk alipelekwa ng'ambo akiwa msichana, na hawakuwahi kuonana tena ila kwenye simu. Sasa alikuwa anarudi na mtoto mchanga abatizwe kanisani Kakuma Jumapili. Lakini mtoto alikuwa na ngozi inayotoka vipele joto likizidi, na shemeji, mume wa Abuk, huko aliko alikuwa ameshawalipia hoteli Lodwar. Mama Achol akaapa kwamba kebini zake zina baridi kama ng'ambo kwenyewe. Abuk akasema sawa, nitakuja nione; nikikuta joto, tutakunywa chai nirudi na gari.

"Dada yangu atakuwa mgeni wa chai kwangu," Mama Achol akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Fundi, miaka hii yote, halafu chai?"

Kesho yake asubuhi tulikuwa Kakuma na pikapu, jua bado halijakasirika. Mama Achol alikuwa ameshavaa gauni la kanisani, ingawa ilikuwa Jumamosi. Tukawasha kebini ya kwanza: baridi safi. Ya pili, baridi. Nikasema, "Mama, hizi hazijafa, zinakuogopa tu." Akaniambia, "Ngoja, ya bit," maana kwa Kiarabu cha Juba msichana ni bit. "Ngoja utaona."

Tulingoja. Jua lilipopanda, ya kwanza ikanguruma, ikakata, ikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu. Kisha ya pili. Kisha zote. Bati lilikuwa linalia kwa joto.

Mwadime akaanza, kama kawaida, kutafuta maji. Hakuna. Karatasi ya chooni ikacheza vizuri. Filta safi, Mama Achol alizifua mwenyewe. Umeme ulikuwa sawa. Tukazunguka nyuma, ziliko mashine za nje, zile zenye feni kubwa. Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kuona popote: mashine zote nne zilikuwa zimejengewa nyumba moja. Nyumba kabisa! Fito, kamba, na mikeka ya majani ya mkoma iliyofungwa kila upande na juu, kazi nadhifu ya mtu anayejua.

"Ni Ata," Mama Achol akasema, na nyuma yake akatokea bibi mmoja Mturkana, shanga hadi kidevuni, jirani yake, ambaye mtaa mzima unamwita Ata, yaani nyanya. "Aliona mashine zinakaa juani. Akasema nina roho mbaya."

"Ejoka, Ata," Mwadime akamsalimia.

"Ejok. Hii mashine imetoka mbali," Ata akasema. "Mtu akitoka mbali, unamwacha kwa jua? Hata kama hasemi."

Mwadime aliguswa kabisa. Alisema melini hakuwahi kuona adabu ya namna hiyo. Akakunja mkeka wa mbele kwa uangalifu, akafungua mashine ya kwanza, akabadilisha kapasita, akapima gesi, akaiwasha. Ikafanya kazi kama mpya. Tukashangilia! Akaushusha mkeka taratibu, akaufunga kamba kama alivyoukuta, maana yeye ni mtu wa adabu, akaenda mashine ya pili. Hivyo hivyo. Kapasita, geji, washa, shangilia, shusha mkeka. Tulipomaliza ya nne, ya kwanza ilikuwa imeshakata. Akarudi, akakunja mkeka, akaifungua, ikafanya kazi. Akashusha mkeka. Ikakata.

Sasa simu ya Mama Achol ikalia. Abuk ameondoka Lodwar. Yuko barabarani.

Mwadime akaanza kuongea na mashine kwa Kitaita, dalili mbaya. Mama Achol akaanza kuzunguka uwanja akisema, "Kalas, basi, kalas, nitapika chai." Mimi, kwa moyo wa kujituma ninaojulikana nao, nilitafuta mahali pa kukaa nisionekane. Na palikuwa na kivuli kimoja tu kizuri uwanja ule wote. Nikainua pembe ya mkeka, nikajipenyeza ndani, nikakaa katikati ya mashine ya kwanza na ya pili, nikanyoosha miguu.

Mama yangu! Nilitoka mle kama mkate unavyotoka kwenye oveni, ila mkate haupigi mayowe.

"Fundi! Fundi! Huku ndani kuna jua lingine!"

"Wewe ulikuwa umelala?"

"Hilo tutajadili baadaye! Weka mkono!"

Akaweka mkono ndani. Nikamwona uso ukibadilika polepole, kisha haraka. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, wadogo zangu. Kinabeba joto la ndani kwenda kulitupa nje. Melini joto lile hutupwa baharini, na bahari haijai. Hapa lilikuwa linatupwa ndani ya nyumba ya Ata, isiyo na dirisha. Mashine ilikuwa inavuta hewa ile ile iliyoipuliza, inazidi kuchemka, inazimia. Na kila tulipokunja mkeka kuitibu, tulikuwa tunaipa hewa. Kila tulipoufunga kwa adabu, tulikuwa tunaikaba tena.

"Toa mikeka yote!" Mwadime akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kamba.

Ata akaupiga ule mkono kwa fimbo yake. Si sana. Kiasi cha kueleweka.

"Unavua nguo mgeni mbele ya watu?"

Mwadime akaanza kumweleza mambo ya kondensa na presha na mzunguko wa gesi. Ata alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Wewe umekaa kwa maji. Jua ya hapa unaijua?" Mama Achol akamsihi, akamshika mkono, akamwambia habari za Abuk na mtoto. Ata akasema mtoto ni mgeni na mashine ni mgeni, hawezi kumchoma huyu kwa jua ili yule apoe. Mnaona ugumu? Angekuwa na ubishi wa kijinga tungecheka. Lakini alikuwa na roho safi, na ile nyumba aliijenga bila kuombwa na mtu.

Nikasema, "Ata, njoo tukamtembelee huyo mgeni. Mimi na wewe tu."

Tukaingia. Mwadime akawasha zote nne. Tukakaa chini mle ndani, nyanya na mjukuu wa kuokota, feni zikitupulizia. Mimi nilivumilia kidogo sana, kisha nikatoka kwa magoti. Ata alibaki. Tukamwita, hakutoka. Mama Achol akaanza kuomba kwa sauti. Kisha mkeka ukainuka, akatoka amenyooka wima, jasho limejaa kwenye shanga zote, hajakunja uso hata kidogo.

"Hii mgeni anakula joto ya watu kule ndani," akasema, "anakuja kutapika hapa. Na mimi nimemfungia mlango."

Na yeye mwenyewe akavuta kamba ya kwanza.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile! Mikeka ya pembeni ilishuka. Ile ya juu Ata alikataa katakata kuitoa, akasema kichwa lazima kifunikwe, na Mwadime akamwambia yuko sawa, kivuli cha juu kinasaidia, ila mkeka uwe juu zaidi, mbali na mashine, upepo upite chini. Kwa hiyo tukainua paa zima. Mwadime na fito, mimi juu ya pipa la mafuta ya kupikia nikifunga kamba, Ata chini akitoa amri kwa Kiturkana ambacho nusu yake nashukuru sikukielewa, na Mama Achol na gauni lake la kanisani amekumbatia nguzo kama mtu anayecheza dansi na mti. Upepo wa mchana, ule unaotuletea vumbi na kutukera kila siku, ukapita chini ya paa, ukachukua joto lote ukaenda nalo. Mashine zikanguruma. Hazikukata.

Lakini bati lililochemka tangu asubuhi halipoi kwa kuombwa. Mwadime akasema tuzime tatu, zisiongeze joto huku nyuma, tubaki na kebini moja, ile ya mwisho yenye kitanda kikubwa, na mlango usifunguliwe na mtu yeyote. Nilipewa ulinzi. Nikaweka mgongo mlangoni.

"Nione kidogo tu," Mama Achol akasema.

"Hapana, Mama."

"Ni nyumba yangu!"

"Ukifungua unamwaga. Ngoja."

"Naingiza mkono tu, ya bit!"

"Hata kidole, Mama. Hata kucha."

Alinitukana kwa Kijieng, lugha ya kwao Wadinka, nikamjibu kwa Kiluhya, tukaelewana vizuri. Ndipo gari likaingia uwanjani, vioo vimefungwa, injini inanguruma, baridi ya gari ikiwa imewashwa kabisa. Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamke mrefu, ana uso wa Mama Achol ila bila kelele, mtoto amefunikwa kitambaa chepesi kifuani. Ndugu wawili wakasimama wakitazamana. Abuk akamwambia dereva asizime gari, amngoje. Nilimsikia. Sote tulimsikia.

Nikatoka mlangoni. Abuk akaingia na mtoto, akafunga.

Tukabaki nje kwenye jua: Mwadime ameshika kipande chake cha karatasi ya chooni bila sababu, Ata ameegemea fimbo, Mama Achol ameshika shingo ya gauni lake. Gari linanguruma. Dereva akashusha kioo kidogo.

"Tunarudi Lodwar saa ngapi?"

Hakuna aliyemtazama. Tulikuwa tunautazama mlango wa bati. Mtoto akalia ndani mara moja, Mama Achol akafumba macho. Kisha mtoto akanyamaza.

Mlango ukafunguka upenyo mdogo, kichwa cha Abuk kikatokea.

"Achol," akasema. "Hapa kwako kuna blanketi?"

Blanketi! Kakuma! Mchana ule! Mama Achol alipiga kigelegele kilichowatoa watu madukani, akakimbia dukani kwake, hakuwa na blanketi kwa sababu ni nani ananunua blanketi Kakuma, akarudi mbio na mzigo mzima wa vitenge vipya mikononi, akaingia navyo, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Dereva alimtazama Mwadime. Akatazama ule mlango. Akazima gari, akashuka, akafungua buti na kuanza kushusha mizigo. Mwadime akaenda kumsaidia. Mimi nami nikaenda, na kwa kuwa ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, nilichagua begi jepesi kuliko yote.